Rolakosta, Milima ya Urusi na Barabara ya Bugarama

Katika kona hii ya msamiati safari hii tumechagua neno ambalo wengi wetu hapa Bujumbura tunalielewa kwa Kifaransa, tunalisikia kwa Kiingereza katika filamu, lakini tunababaika tunapotakiwa kulisema kwa Kiswahili. Wafaransa husema montagnes russes. Waingereza husema roller coaster. Ni ile reli ya mchezo inayojengwa katika viwanja vikubwa vya burudani: vigari vinapandishwa polepole hadi kileleni, kisha vinaachiwa vishuke kwa kasi, vipande tena, vikate kona, na pengine vipinduke miguu juu kichwa chini, huku abiria wakipiga mayowe ambayo wameyalipia wenyewe.

Tumelichagua kwa sababu linatusumbua katika somo la tafsiri. Redio na magazeti ya Kifaransa hulitumia mara kwa mara, na mara nyingi si kwa kuzungumzia mchezo wenyewe. Bei ikipanda, ikashuka, kisha ikapanda tena, mwandishi atasema iko kwenye montagnes russes. Timu ikishinda mechi tatu, ikafungwa nne, kisha ikashinda tena, msimu wake nao ni montagnes russes. Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno ataandika: "Msimu wa timu hii umekuwa milima ya Urusi." Ukiitazama sentensi hiyo kisarufi huoni kasoro. Upatanisho umekaa sawa, njeo imekaa sawa. Lakini mpelekee msomaji wa Tanga au wa Pemba, naye atakuuliza timu ilikwenda Urusi lini.

Ni vizuri kwanza mwalimu aeleze Urusi imeingiaje humo, maana wanafunzi huuliza, na wana haki ya kuuliza. Katika karne ya 17 na ya 18 Warusi, hasa wa St. Petersburg, walikuwa wakijenga majukwaa marefu ya mbao yenye mteremko wakati wa baridi kali. Waliyamwagia maji, maji yakaganda kuwa barafu, na watu wakashuka juu yake wakiwa wamekalia sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza kwenye theluji. Malkia Katerina wa Pili alijengewa kilima cha anasa cha namna hiyo kwenye kasri la Oranienbaum. Mchezo ukawafikia Wafaransa, ambao baridi yao si ya kutegemea, kwa hiyo barafu ikaachwa na magurudumu yakachukua nafasi yake. Mwaka 1817 jijini Paris vilifunguliwa viwanja viwili vya mchezo huo, na kimoja, kile cha Belleville, kiliitwa kwa jina hilohilo la milima ya Kirusi. Jina likabaki. Wahispania, Waitaliano na Wareno nao wakalichukua, kila mmoja kwa lugha yake.

Sasa sikilizeni kichekesho. Warusi wenyewe hawauiti mchezo huu kwa jina lao. Wao husema vilima vya Kimarekani! Kila taifa limemtupia jirani mpira. Na Wamarekani kweli wana sehemu yao katika hadithi hii, kwani mwaka 1884 LaMarcus Adna Thompson alifungua reli ya mchezo huko Coney Island, New York, iliyokwenda mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa. Nauli ilikuwa senti 5. Abiria walipanda mnara kwa miguu, wakakaa kwenye kigari, wakaserereka hadi mnara wa upande wa pili, kisha wakarudi hivyohivyo. Kwa vipimo vya leo hata baiskeli ya mtoto ingewapita, lakini watu walifurika. Mwaka 1919 mhandisi John Miller alisajili uvumbuzi wa gurudumu linalokaa chini ya reli ili kigari kisiruke nje, na hapo ndipo ilipowezekana kujenga miteremko mikali zaidi bila kumtupa mtu hewani.

Lugha nyingine hazikujali habari za Urusi wala Marekani, zikatazama kitu chenyewe. Wajerumani waliona umbo la nambari nane, wakaiita njia ya nane. Wafini waliiita reli ya milimani. Wachina waliiita gari linalovuka mlima. Wasweden, na hapa tunawaomba wasomaji watulie kidogo, waliiita njia ya milima na mabonde. Milima na mabonde! Mswahili gani hajawahi kusema kwamba maisha yana milima na mabonde? Tamathali ambayo mwanafunzi wetu anaitafuta Urusi iko mlangoni kwake siku zote.

Je, Waswahili hawana michezo ya kumrusha mtu juu na chini? Wanayo, na ni ya zamani. Siku za Idi huko pwani viwanja hujaa pembea. Mombasa watu huenda Makadara. Zanzibar watoto waliovaa nguo mpya hupelekwa Mnazi Mmoja na Kariakoo, na Kariakoo hiyo Wazanzibari wenyewe huiita kiwanja cha kufurahishia watoto. Tunawaomba walimu waliandike jina hilo ubaoni, kwa kuwa linatuondolea taabu ya nusu ya somo. Wengi wetu tumekuwa tukihangaika na "bustani ya mandhari" au "mbuga ya burudani", na neno mbuga humfanya mwanafunzi wa Bujumbura afikirie viboko wa Rusizi. Kiwanja cha kufurahishia watoto kinasema kila kitu. Ikiwa kiwanja kinawafaa na watu wazima, basi ni kiwanja cha burudani tu, yatosha.

Kuhusu pembea na bembea, kamusi zetu zina maumbo yote mawili, na mwalimu anaweza kuonyesha ujamaa uliopo kati ya bembea, bembeza na bembeleza, kutoka kuning'inia kwenye kamba hadi kumnyamazisha mtoto anayelia. Ni familia nzuri ya maneno. Hata hivyo hatupendekezi kuiita rolakosta "bembea ya reli", kama baadhi ya wanafunzi wanavyopenda. Bembea huenda na kurudi mahali pamoja, nayo hutuliza. Kigari cha rolakosta hakirudi nyuma, na kwa hakika hakimbembelezi mtu.

Tunaitaje basi? Wataalamu wa istilahi wametufundisha utaratibu wa kufuata: tuanze na Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, tukikosa tuende kwa lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Tukianza nyumbani tunakikuta kitenzi serereka, ambacho maana yake ni kuteleza kutoka juu kwenda chini. Hapo tunapata mserereko. Tukivuka kwa jirani, Kirundi kina kunyerera, ambacho nacho ni kuteleza, lakini tukiunda nomino kutokana nacho tutapata kitu kama "mnyerero", na darasa zima litamkumbuka Mwalimu wa Butiama badala ya mchezo. Tuliache. Neno la kigeni, rolakosta, ndilo linalosikika Nairobi na Dar es Salaam, na msikilizaji wa huko halihitaji kufafanuliwa. Tatizo lake liko kwa wanaoanza. Afrika Mashariki nzima kosta ni basi dogo, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaposikia rolakosta anaweza kudhani ni gari la abiria la aina mpya. Si kosa lake. Mabasi hayo yalipata jina kutoka kwa mtengenezaji, na asili ya neno hilo la Kiingereza katika jina la mchezo ni kitenzi chenye maana ya kushuka mteremko bila kutumia nguvu ya injini.

Msimamo wetu ni huu. Katika maandishi, neno rolakosta litumike, lakini linapotajwa mara ya kwanza lifuatwe na maelezo mafupi, kwa mfano "rolakosta, yaani vigari vya kuserereka kwenye reli ya milima na mabonde". Mserereko tunauweka akiba. Ikiwa BAKITA au Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki siku moja wataliidhinisha, sisi tutafurahi, lakini mwalimu mmoja hawezi kulitangaza neno akiwa darasani peke yake na kutegemea Mombasa walielewe kesho yake.

Kinachobaki kigumu ni kumfanya mwanafunzi akijue kitu chenyewe. Bujumbura haina rolakosta. Tuna fukwe za Ziwa Tanganyika, tuna Musée Vivant na mamba wake, lakini reli ya mchezo hatuna, na picha ya kitabuni haitoshi kueleza kwa nini mtu anapiga kelele. Hapo ndipo tunapowashauri walimu wawapeleke wanafunzi, kwa mawazo tu, kwenye barabara ya taifa namba 1 inayopanda kutoka hapa mjini kwenda Bugarama.

Kila mmoja wetu ameipita. Mji uko kwenye kimo cha mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, nayo Bugarama iko juu ya mita 2,000, kwenye safu ya milima inayogawanya maji ya Kongo na ya Nile. Umbali wote ni kilomita thelathini na kitu, kona baada ya kona. Waendesha baiskeli hushuka huko juu na ndizi, kabichi, viazi au magunia ya mkaa, mzigo ukiwa mzito kuliko mwendeshaji. Wakati wa kupanda hawakanyagi pedali. Hushika nyuma ya lori, mkono mmoja kwenye lori na mwingine kwenye usukani, lori likawavuta hadi juu.

Hivyo ndivyo rolakosta inavyofanya kazi, na tunaweza kuieleza kwa barabara hiyo hatua kwa hatua. Kigari cha rolakosta kwa kawaida hakina injini. Mnyororo unaozungushwa na mota hukikamata kwa chini na kukivuta hadi kilele cha kwanza, kama lori linavyomvuta mwendesha baiskeli. Ile sauti ya ka-ka-ka-ka inayosikika kigari kikipanda ni ya kingo inayokizuia kisirudi nyuma mnyororo ukikatika. Mwendesha baiskeli hana kingo hiyo; ana vidole vyake. Kileleni mnyororo unaachia, na kuanzia hapo kazi yote inafanywa na uvutano wa dunia: kimo kinageuka kuwa mwendo. Kilima kinachofuata huwa kifupi kuliko cha kwanza, kwa sababu sehemu ya nguvu imeshapotea kwa msuguano wa magurudumu na upepo. Mwanafunzi anayejua kwamba baiskeli iliyoshuka Bugarama haiwezi kupanda mlima wa kimo kilekile bila kukanyagwa amekwisha kuelewa fizikia yote ya mchezo huo.

Tofauti iko kwenye breki. Katika kiwanja cha burudani breki zimefungwa kwenye reli, zinasimamiwa na mitambo, na vigari viwili haviruhusiwi kuwa kwenye kipande kimoja cha njia. Mwendesha baiskeli wa Bugarama, breki zake zikiungua, husaidia kwa soli ya kiatu kwenye tairi. Rolakosta ya Kingda Ka huko New Jersey, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 2005 na kufungwa 2024, ilikuwa na kimo cha mita 139 na ilihesabiwa kuwa ndefu kuliko zote duniani kwa kwenda juu. Vijana wetu hushuka zaidi ya mita 1,200 kwa safari moja, na hakuna mkanda wa kuwafunga. Baadhi yao hawafiki mjini. Machi 2022 serikali ilipozuia baiskeli, pikipiki za abiria na bajaji katika barabara za Bujumbura, hoja iliyotolewa ilikuwa kupunguza ajali.

Tunalisema hili kwa sababu ya lugha pia. Tumesoma insha za wanafunzi zinazosema vijana hao "wanacheza barabarani". Kucheza ni neno kubwa. Anayelipa kiingilio ili aogopeshwe dakika mbili, akijua atateremka mzima, huyo anacheza. Anayeshuka na mkungu wa ndizi ili watoto wapate ada ya shule anafanya kazi, hata kama anapiga mluzi kwenye kona. Mwalimu atumie mfano wa barabara hii, lakini asiufanye mzaha, kwani darasani huenda yumo mwenye kaka au baba huko.

Tukirudi kwa wanaocheza, wapo watu ambao kwao mchezo huu ni mapenzi ya maisha. Mwaka 1977, kwenye kiwanja cha Kings Dominion huko Virginia, yalifanyika mashindano ya kukaa kwenye rolakosta kwa muda mrefu, na baadhi ya waliokutana hapo wakaunda mwaka 1978 chama cha mashabiki wa Marekani, American Coaster Enthusiasts. Ulaya nako vipo vyama vya aina hiyo. Mashabiki hawa husafiri nchi hadi nchi na huhesabu: kila rolakosta waliyoipanda ni moja, kuipanda mara kumi hakuongezi kitu, na hubishana sana kama zile ndogo za watoto zihesabiwe. Wengine wamevuka mia, wengine elfu. Huko Abu Dhabi, ambako wako Waafrika Mashariki wengi kikazi, kuna Formula Rossa iliyofunguliwa mwaka 2010, yenye mwendo wa kilomita 240 kwa saa, na abiria huvaa miwani kwa ajili ya mchanga na wadudu. Kwa upande wetu wa dunia shabiki angesimama Nairobi, kwenye kiwanja cha Two Rivers, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 2017, penye gurudumu kubwa liitwalo Eye of Kenya. Bujumbura angepita bila kuandika chochote daftarini.

Sisi tunawapenda mashabiki hawa kwa sababu moja: wanaandika. Kila safari ina taarifa yake, ambamo mwandishi anaeleza foleni ilikuwa ndefu kiasi gani, alikaa kiti cha mbele au cha nyuma, na mwili wake ulihisi nini wapi. Hubishana hata juu ya kiti. Mbele unaona kila kitu, nyuma unavutwa kwa nguvu kileleni kwa kuwa vigari vya mbele vimeshaanza kushuka, na kwa nukta chache makalio yanaachana na kiti. Taarifa ya safari ni utungo mzuri sana wa kufundishia wakati uliopita na viambishi vya -ki- na -ka-: kigari kikapanda, kikasimama kidogo, nikatazama chini, kikaachiwa.

Na hapa Kiswahili hakina haja ya kuazima hata senti. Kwa hofu ya mwilini lugha yetu ni tajiri kupita kiasi. Anayengoja foleni moyo unamdunda. Anayepandishwa kijasho chembamba kinamtoka. Kileleni ameshika roho mkononi. Akiachiwa, nywele zinamsimama na tumbo linampanda hadi kooni. Akifika chini anashusha pumzi, na akiwa mkweli atakubali kwamba magoti yalikuwa yanagongana. Mwanafunzi anayejua Kifaransa vizuri huandika "nilikuwa na hofu" na kuishia hapo, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuunda sentensi. Mwalimu amkatalie. Amtake aseme ni kiungo gani cha mwili kilichoogopa.

Kwa walimu watakaopenda kulijaribu somo hili, tunashauri lianze na barabara, siyo na picha ya Marekani. Wanafunzi waeleze kwa mdomo safari ya gari kutoka Bugarama hadi Bujumbura, kona gani inatisha na kwa nini, na mwalimu aandike ubaoni vitenzi vyote vya mwendo vinavyojitokeza: teremka, shuka, serereka, poromoka, teleza, bingirika. Wavitofautishe. Anayeporomoka hakukusudia, na anayebingirika anageuka-geuka. Wale wanaozungumza Kirundi nyumbani waangaliwe kwenye neno ikinga, ambalo ni baiskeli, kwani hutokea mwanafunzi akaandika "alipanda kinga", na kwa Kiswahili sanifu kinga ni kile kitu ambacho waendesha baiskeli wa barabara ile hawana. Baada ya hapo ndipo picha ya rolakosta ionyeshwe, na kila mmoja aandike taarifa ya safari ya kubuni ya nusu ukurasa.

Tafsiri iwe kazi ya mwisho. Ile sentensi ya timu yaweza kuwa "Msimu wa timu hii umekuwa wa panda shuka", au "Timu hii imepita milima na mabonde msimu huu", na zote mbili tunazipa alama kamili. Bei, nayo, "inapanda na kushuka", basi. Lakini mwandishi akisema kwamba mtoto wake alipanda montagnes russes akiwa likizoni Paris, hapo ni rolakosta, na mtahiniwa atakayeandika milima na mabonde tutamkata alama moja.